Sentimita Kumi na Tisa

Jumatatu, 1 Julai 1996

Diari hii nilipewa Januari na muuzaji wa vijiti vya kuchomelea, pamoja na kalenda. Kalenda mke wangu Muna akaitundika. Diari ikalala sandukuni miezi sita bila tone la wino. Leo nimeifungua kwa sababu kuna jambo, na hakuna wa kumwambia.

Asubuhi injinia wetu, Bwana Mukonyo, alituita wote, wa kreni na wa chini. Kibanda cha dereva juu ya tanki la zinki kinafungwa! Dereva atakaa ofisini, mlango umefungwa, amevaa kofia yenye televisheni mbili ndogo ndani — moja kwa kila jicho. Kamera mbili zitafungwa kule kule juu ninakokaa. Yaani macho yabaki juu, mwili ushuke. Ati mtu akivaa ile kofia anajiona yuko pale pale, ila moshi haumfikii.

Miaka kumi na miwili nimeula moshi ule. Mabomba yakizama kwenye zinki iliyoyeyuka, wingu jeupe linapanda moja kwa moja mpaka puani mwangu. Kampuni inatupa pakiti ya maziwa kila siku, ile ya pembe tatu. Maziwa huosha kifua, wanasema. Changu kimekataa kuoshwa. Nikicheka nakohoa, kwa hivyo nimejifunza kutocheka, na watu wanadhani nina maringo.

Kiti cha ofisini! Alhamdulillahi, nikasema, tena kwa sauti.

Kisha Mukonyo akamalizia. Watu wa chuo cha Juja wanakuja keshokutwa kupima macho ya kila mmoja. Kofia hii inataka macho mawili yanayofanya kazi pamoja.

Mawili.

Jumatano, 3 Julai

Aliyekuja ni msichana, anaitwa Akello. Anasomea shahada ya pili pale Juja — mambo ya mtu kuona na kufanya kazi mahali ambapo mwili wake haupo. Mwembamba, sauti ya chini, viatu vya kanisani. Ana adabu. Aliniita mzee hata kabla hajaona mvi.

Kipimo chenyewe: unavaa miwani, kioo kimoja chekundu, kingine kijani. Unaonyeshwa karatasi ya vitone. Mwenye macho mawili mazima anaona kitu kinanyanyuka kutoka kwa vile vitone na kusimama hewani. Mwenye moja haoni kitu.

Akello amesoma, lakini watu wa kiwanda hawajui. Alitupanga foleni. Foleni yetu haijawahi kufanya mtihani kimya! Wa kwanza alikuwa Ndung'u, kijana anayeendesha kreni shifti ya pili. "Bata, manze! Huyo amesimama!" Wa pili, "Ngai, ni bata kweli!" Mpaka mpishi wa kantini akaacha ugali akaja kuona bata.

Zamu yangu. Vitone. Vitone tu, kama mchele uliomwagika.

"Bata," nikasema. "Tena mnono."

Akello akacheka, akaweka tiki. Nikavua miwani, nikarudi kazini.

Alhamisi, 4 Julai

Niandike wazi mara moja tu, hapa, halafu niache.

Jicho langu la kushoto halioni. Surua, nikiwa na miaka minne, huku huku Majengo. Kwa nje ni jicho zima, linapepesa, linalia kitunguu. Kwa ndani ni ukungu. Aliyejua ni mama peke yake, na mama yuko kaburini. Muna hajui. Miaka kumi na tisa ya ndoa! Anaona nikimimina chai naegesha mdomo wa birika kwenye kikombe ndio nimimine, anasema mume wangu mwoga wa kufua kitambaa cha meza. Ni kwamba bila kugusisha sijui kikombe kiko wapi.

Kazi nilipataje? Mwaka wa 84, kliniki. Karani hakuinua kichwa. Akasema, funika jicho moja, soma. Nikafunika la kushoto kwa mkono wa kulia, nikasoma herufi zote. Akasema, badilisha. Nikabadilisha mkono. Jicho ni lile lile. Nikasoma tena zote, vizuri kuliko mara ya kwanza.

Na kazi ninaifanyaje? Kivuli. Mzigo ukishuka, kivuli chake kinakuja kuukuta sakafuni. Viwili vikikutana, umefika. Ni hivyo tu. Ilipofika Julai yangu ya kwanza kazini na baridi hii ya Thika isiyo na jua, nikaona nitaua mtu. Nikanunua taa kwa pesa zangu, nikaifunga pembeni ya kreni, iupige mzigo kwa mshazari. Wote wanadhani ni taa ya kuangazia. Injinia wa wakati ule alinisifu mbele ya watu, ati najali usalama.

Na kweli najali. Miaka kumi na miwili hii sijamgusa mtu. Jared yuko chini ya ndoana yangu miaka kumi na mmoja, anafunga minyororo, na ana vidole vyake vyote.

Basi. Nimeandika.

Jumanne, 9 Julai

Leo Ruiru. Kampuni imekodisha godauni ya zamani ya kahawa kwa majaribio, bado inanuka magunia. Ndani kuna kreni ndogo, pipa la mchanga, na duara la chaki sakafuni. Mtu avae kofia, akae nyuma ya pazia, alitue pipa ndani ya duara. Mara kumi.

Ndung'u kwanza. Kijana ana mikono mizuri, hilo silikatai. Lakini kila akigeuza kichwa, picha inachelewa kumfuata. Kichwa kimefika, picha iko njiani! Akatoka jasho. Jaribio la saba akaomba ndoo, akatapika. Kwa kumi alipata manne.

Mimi nikaomba kitu kimoja: waniwekee taa pembeni. Macho ya uzee, nikasema. Akello akaileta mwenyewe.

Kofia ni nzito, inabana mashavu. Sikugeuza kichwa hata mara moja. Nilitazama kivuli. Tisa kwa kumi.

"Yawa! Mzee!" Akello alisahau adabu akaruka. Mukonyo akanipiga bega. Ndung'u, macho mekundu, akanipa mkono, "Heshima, mzee." Alisema kwa moyo safi na mimi nikaona haya.

Ajabu ni hii. Ndung'u analalamika kwamba picha ile si kama dunia, kuna kitu hakikai sawa, kama kamera moja imeinama. Mimi sikuona tofauti yoyote. Dunia yangu yote imekuwa kalenda ukutani tangu nikiwa na miaka minne. Wamenivisha kalenda nyingine, basi nimeisoma.

Ijumaa, 12 Julai

Baada ya sala ya Ijumaa nikapelekwa Ruiru tena. Mara hii si kamera. Ni chumba ambacho hakipo, kimechorwa na kompyuta. Ukuta wa bluu, meza, mpira mwekundu. Unavaa glavu yenye waya, unanyoosha mkono wako, na mkono wa kuchorwa unanyooka ndani.

Nilipotea. Kabisa! Mpira uko wapi? Naukamata, nakamata hewa. Mara mkono unapita ndani ya meza. Wale waliokuwepo wakacheka, nami nikasema kofia inanibana.

Kumbe chumba kile hakina kivuli hata kimoja. Meza haina, mpira hauna. Akello alisema kompyuta yao ni ya zamani, ikianza kuchora vivuli inachoka na picha inakwama. Lakini haidhuru, akasema. Kila jicho linapewa picha yake, tofauti kidogo, na ubongo unazisuka kuwa kitu kimoja chenye kina.

"Na mtu akiwa na picha moja tu?"

"Basi mzee, atakuwa kama mtu anayetaka kunywa chai iliyo kwenye gazeti."

Akacheka. Nikacheka na mimi, nikakohoa mpaka akanitafutia maji. Ni msichana mzuri. Hakujua anamwambia nani.

Jioni nilimkuta Muna anashona kifungo. Nikamwuliza, unajuaje uzi umefika kwenye tundu? Akanitazama. "Si naona?" Naam, lakini unaonaje? "Naona, Abdulkarim. Huku ni huku, kule ni kule." Nikaikalia ile sentensi mpaka adhana. Huku ni huku, kule ni kule. Kwake ni rahisi hivyo.

Jumanne, 16 Julai

Leo nimefanya jambo baya.

Nilifikiri ni majaribio mengine tu. Kumbe Akello amekaa na Mukonyo, wameamua: kwa sababu mimi ndiye mwenye macho bora, kamera zipimwe kwa macho yangu. Kisha zifungwe hivyo, zipelekwe kiwandani Thika, tuzitumie wote.

Kamera mbili ziko kwenye chuma chenye skrubu. Ukizungusha, zinaachana au zinakaribiana. Akello alinieleza polepole, kama mwalimu. Macho ya binadamu yameachana sentimita sita na nusu hivi. Kwa mizigo iliyo mbali unaweza kupanua kamera kidogo ili umbali uonekane vizuri. Ukizidisha, dunia inakuwa ya kidoli — vitu vinaonekana vidogo na karibu, mtu anakosea na kichwa kinauma. Kwa hivyo, mzee, nitazungusha taratibu. Sema pale ambapo vitu vinakaa kama vilivyo.

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa peke yake, Mukonyo ametoka nje kuvuta sigara. Mdomo ulifunguka. Nikauona moshi, na kiti, na barua ya kufutwa — tangu 84 umetudanganya, Abdulkarim. Mdomo ukafungika.

Akazungusha. Mimi sioni kitu kinachobadilika. Picha inasogea kidogo pembeni, basi. Nikaanza kusikiliza. Nilisikiliza pumzi yake, nikasikiliza skrubu. Mahali fulani mkono wake ukapunguza mwendo.

"Hapo," nikasema.

"Hapo kabisa?"

"Hapo kabisa."

Akachukua rula. Sentimita kumi na tisa. Akapima tena. "Ni pana sana, mzee. Vitabu vinasema chini ya hapo." Akafikiri, akiuma kalamu. "Lakini wewe ndiye uliyepata tisa." Na akaandika. Mtoto wa watu ameacha vitabu vyake akaniamini mimi.

Jumatano, 17 Julai

Fundi amechomelea kile chuma. Skrubu imekufa. Mukonyo amesema ni ili watu wasicheze nazo. 19.

Jumatatu, 22 Julai

Ndung'u amepata mawili kwa kumi!

Alitoka nyuma ya pazia ameshika kichwa kama mtu wa jino. Anasema pipa linaonekana dogo kama mkebe wa maziwa, na anaona liko karibu, akiliachia linagonga au linabaki hewani. Alisema vizuri, kwa utaratibu, maneno yale yale ya Akello kuhusu dunia ya kidoli. Nilikuwa nimesimama pale.

Mukonyo hakumsikiza. "Abdulkarim ameona sawa. Shida ni macho yako." Ati vijana wanakesha kwenye video. Ati mwisho wa mwezi akishindwa, anashuka chini kupanga mabomba, na kreni atapewa mwingine.

Akello alikuwa amekunja uso. Alipekua daftari, akarudi nyuma, akaja mbele. "Ndung'u aliona bata vizuri," akasema. Mukonyo akasema bata haendeshi kreni.

Tukiwa nje Ndung'u akanisogelea. Hakuna manze, hakuna mzaha. "Mzee, kweli wewe unaona iko sawa?"

"Ni kuzoea tu, kijana."

Ni kuzoea tu! Jitu zima na ndevu zake. Huyu ana macho mawili mazima na anaitwa kipofu, na mimi kipofu ndiye rula ya kupimia wenzangu. Astaghfirullah.

Alhamisi, 25 Julai

Saa nne, maziwa. Jared alikuja kukaa nami juu ya mabomba kama siku zote. Alirarua pembe ya pakiti kwa meno, akanywa yote, akapangusa masharubu.

"Baba Nadira, Jumatatu ndiyo siku. Wageni wa kampuni watakuja kuona. Mukonyo anasema Ndung'u ndiye ataanza, wageni waone kwamba hata kijana anaweza."

Nikasema nimesikia.

"Sasa niambie wewe, si wao. Hiyo kofia ni salama?"

Jared hajawahi kuangalia juu. Kila dereva mwingine ana mtu wa chini ambaye shingo imepinda kwa kuchunga ndoana. Yeye hapana. Akishafunga mnyororo anageuka, anatazama sakafu, anaona kivuli cha taa yangu kikimkaribia, anasogea. Aliniambia zamani, nikiangalia juu nitakuwa nimekutilia shaka.

"Ni salama," nikasema.

"Basi." Akakunja pakiti, akaitupa. Hakuuliza tena. Angeuliza tena labda ningesema. Hapana, nisijidanganye na humu pia.

Ijumaa, 26 Julai

Mukonyo ametoa taa yangu. Kamera zinataka mwanga mwingi, amefunga taa nne kubwa za uwanja, moja kila kona. Nilisimama katikati ya sakafu nikanyoosha mkono. Upande huu mwanga, upande huu mwanga. Mkono hauna kivuli.

Kwa hivyo hata mimi siwezi. Na Jared atatazama sakafu akisubiri kitu ambacho hakitakuja.

Taa yangu nimeikuta kwenye takataka. Nimekuja nayo nyumbani. Muna ameuliza ya nini, nikasema ya choo.

Jumapili, 28 Julai

Maulidi. Tangu asubuhi Majengo yote inanuka pilau, Muna na kina mama wako kwenye masufuria nyuma ya msikiti. Mimi nimekaa kwenye mkeka nikitoa sala na salamu kwa midomo, roho iko Makongeni, anakokaa Jared.

Saa tano nikaenda. Kwa Jared. Nilikuwa nimepanga maneno: Jared, mimi sioni. Maneno matatu, hata mtoto anayaweza.

Jared yuko kanisani. Mkewe, Benta, alikuwa amebaki na mguu unaomsumbua. Akanikaribisha, akanipa chai. Akaimimina kutoka juu, mkono umeinuka, uzi mrefu wa chai ukaingia kikombeni bila kurusha tone. Nilimtazama kama mtu anayetazama mazingaombwe.

"Shemeji, asante," akasema. "Jared alikuwa na wasiwasi na hiyo mashini. Nilimwona, chakula hali. Alhamisi akarudi akasema Baba Nadira amesema ni salama. Akala sahani mbili."

Nikanywa chai ikaniunguza. Nikasema nitarudi. Sikurudi.

Muna alinisoma uso jioni, tukila. Anajua kuna kitu, hajui ni nini. "Nakujua mimi," akasema. "Wewe ungembebea mtu gunia mpaka Garissa kuliko kumwambia neno moja." Halafu akaniongezea nyama.

Ndiyo. Na hapo hapo nikapata wazo. Kubeba naweza.

Jumatatu, 29 Julai

Saa mbili unusu. Kiwandani, juu ya mabomba. Diari nimeitia mfukoni mwa ovaroli, sijui kwa nini. Ninaandika haraka.

Nilifika mapema nikamwambia Jared, leo nipe glavu zako, nifunge minyororo mimi. Wewe pumzika. Akacheka, "Umeshushwa cheo?" Nikasema nataka kuijua kazi ya chini, nimekuwa juu sana. Akanivisha glavu mwenyewe, akanipa na kofia yake ya plastiki. Nikajiona nimeshinda. Mzigo ukianguka vibaya, unamwangukia mwenye deni. Jared mzima, siri yangu nzima. Hesabu safi kabisa!

Mukonyo akaomba jaribio moja, ndoana tupu, kabla wageni hawajamaliza chai. Ndung'u akavaa kofia ofisini. Nikasimama pale anaposimama Jared. Taa nne zinawaka. Ndoana ikaanza kushuka.

Nikaangalia juu.

Wallahi sijawahi kuogopa hivyo. Ndoana iko pale, nyeusi, inakua. Inakua kwa sababu inakuja, au nimeitazama sana? Iko futi kumi? Iko tatu? Nilijua tu kwamba ni ndoana. Nilingoja kivuli, hakuna. Miguu ikakataa kuamua. Jared ndiye aliyepiga kelele, "Toka, Abdul! Toka!" akanivuta mkanda. Ilishuka ikasimama mahali kichwa changu kilipokuwa. Ikabembea. Kutoka ofisini nikamsikia Ndung'u akiuliza, "Bado iko mbali na sakafu, siyo?"

Jared alinitazama. "Hukuiona," akasema. Hakuuliza.

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu yangu. Ningekufa mimi leo, kesho glavu zinarudi kwa Jared na ile 19 bado iko juu, imechomelewa. Na Ndung'u anaitwa muuaji maisha yake yote kwa macho ambayo hayana kosa. Ningekuwa nimebeba gunia mpaka Garissa, na gunia lenyewe limejaa uwongo.

Nikamwendea Akello. Alikuwa mlangoni mwa ofisi, anahakikisha waya.

"Ile karatasi ya bata unayo?"

"Iko kwa gari, mzee. Lakini tunaanza sasa hivi—"

"Kalete. Na usilete hiyo ya bata. Leta nyingine, ambayo hakuna mtu ameitaja."

Alinitazama jicho hili, akatazama lile. Sijui aliona nini. Akaangusha waya, akakimbia, na vile viatu vya kanisani.

Saa tatu kasoro dakika tano. Wageni wanatoka kantini. Mukonyo anatazama saa, ananitazama mimi, anakuja huku. Ndung'u bado ana kofia kichwani, amekaa ameshika leva, hajui kitu. Jared amesimama karibu yangu, amenyoosha mkono anataka glavu zake. Sijampa. Nimemwambia ngoja kidogo, nina neno. Anangoja. Shingo ameikunja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, anaangalia juu.

Huyo Akello anarudi, karatasi mkononi. Nitamwambia naona vitone tu. Atasema, mzee, funika jicho moja.

Safari hii nafunika la kulia.